Uzi: Waingereza waliotengeneza baiskeli ya babu. Karne ya 20 ya Uingereza ndani ya sinema zao

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, nitauleta kwa vipande.

Babu yangu alikuwa na baiskeli ya Raleigh. Wengi humu mmeikuta nyumbani au kwa jirani: fremu nyeusi, nzito, keria ya chuma iliyobeba magunia ya mkaa na wagonjwa wa kupelekwa zahanati, na mbele, chini ya usukani, kibati chenye kichwa cha korongo na maneno "Nottingham England". Herufi za kwanza nilizozijua duniani ni za kibati kile. Nilizifuatisha kwa kidole kabla sijaanza shule.

Miaka mingi baadaye nikatazama filamu ya 1960 iitwayo Saturday Night and Sunday Morning, iliyoongozwa na Karel Reisz. Inafunguka ndani ya kiwanda. Kijana Arthur Seaton, anayeigizwa na Albert Finney, amesimama kwenye mashine ya kukerezea vyuma, mikono imelowa oili, anahesabu: mia tisa hamsini na nne, mia tisa hamsini na tano. Analipwa kwa kipande. Vipande elfu moja kwa siku, na Ijumaa anapokea pauni 14, shilingi 3 na peni 2. Kiwanda hicho ni Raleigh yenyewe, Nottingham. Alan Sillitoe, aliyeandika riwaya na muswada wa filamu, alifanya kazi humo akiwa kijana, na baba yake pia.

Nilisimamisha picha nikaitazama ile mikono. Sisi tumekulia kwenye masimulizi ya Mwingereza mmoja tu: bwana shauri na kofia yake ngumu, meneja wa mkonge, gavana kwenye gwaride. Hatukuambiwa kwamba aliyekereza vyuma vya baiskeli ya babu alikuwa kabwela, anayemchukia msimamizi wake na kuisubiri Jumamosi anywe bia asahau wiki. Tulitawaliwa na nchi ambayo watu wake hatukuwahi kuonyeshwa. Sinema zao zinawaonyesha. Nimekuwa nikizitazama kwa kufuata miaka, na niliyoyaona ndiyo ninayoyaleta hapa.

Nianze mwanzoni mwa karne. Mwaka 1994, mafundi waliokuwa wakivunja duka la zamani mjini Blackburn walikuta mapipa ya chuma yamejaa mikanda ya filamu, zaidi ya 800. Ilikuwa kazi ya Sagar Mitchell na James Kenyon, waliopiga picha miji ya kaskazini mwa Uingereza kati ya 1900 na 1913 hivi. Biashara yao ilikuwa nyepesi kuielewa: unaweka kamera kwenye lango la kiwanda saa ya kutoka kazini, unanasa nyuso nyingi kadiri unavyoweza, kisha unaonyesha filamu kwenye maonyesho ya mji, na watu wanalipa kiingilio waje kujiona wenyewe. Kwa hiyo hakuna nyota humo. Kuna mamia ya wanawake waliojifunika shali, viatu vyao vya mbao vikigonga mawe, wanaume wenye kofia bapa, na watoto wengi wanaoikodolea macho kamera.

Watoto wale ndio walionishika. Mara ya kwanza nilidhani wamewafuata mama zao. Kumbe ni wafanyakazi. Kwenye viwanda vya pamba vya Lancashire mtoto wa miaka 12 aliweza kukaa nusu siku darasani na nusu siku kwenye mashine, na mfumo huo ulifutwa na sheria ya elimu ya 1918. Mwaka huo Tanganyika ilikuwa tayari imeingia mikononi mwa Waingereza. Nchi iliyokuja kutufundisha ustaarabu ndiyo kwanza inawatoa watoto wake kiwandani.

#2 Msomaji wa Mwembechai

Mkuu uzi mzuri, nimeweka kiti. Swali langu moja. Wewe unazichukua hizi filamu kama ushahidi. Lakini kamera inapangwa, watu wanaambiwa simama hapa, cheka. Tutajuaje kipi ni kweli?

#3 Mleta uzi

Mkuu, swali lako ni la msingi, nalijibu kwa mifano miwili.

Agosti 1916, vita vikiwa vinaendelea, Waingereza walionyesha filamu The Battle of the Somme, iliyopigwa na Geoffrey Malins na John McDowell kwenye uwanja wenyewe wa mapambano. Inakadiriwa watu milioni 20 waliitazama ndani ya wiki sita. Kipande kilichovuma zaidi, cha askari wakipanda kutoka handakini na wengine kuanguka palepale, kilichezwa mbali na risasi, kwenye uwanja wa mafunzo. Hilo limethibitishwa siku nyingi. Lakini yule askari anayekuja handakini amembeba mwenzake mgongoni, uso ukiwa umeelekea kamera na macho yamechoka kabisa, yule ni wa kweli. Vyote viwili vimo katika filamu moja, na mtazamaji wa 1916 hakuwa na namna ya kuvitenganisha. Alichopata ni kuuona uso wa vita kwa mara ya kwanza, huku mtoto wake akiwa huko huko vitani.

Mfano wa pili ni Night Mail ya 1936, kuhusu treni ya barua inayotoka London usiku kwenda Scotland. Ni kazi ya kitengo cha filamu cha Posta, chini ya John Grierson, yule Mskoti aliyeijengea jina filamu ya hali halisi. W. H. Auden aliandika shairi lake, Benjamin Britten akatunga muziki. Behewa la kupangia barua tunaloliona limejengwa studio. Waliomo ni watumishi wa Posta kwelikweli, lakini waliambiwa wayumbe kidogo, kushoto, kulia, ionekane treni inakwenda. Sasa angalia vidole vyao. Barua inaingia kwenye kijumba chake bila jicho kuangalia. Hicho hakifundishiki kwa asubuhi moja. Kuyumba ni kwa kuigiza, vidole ni vya miaka 20 kazini. Mimi huangalia vidole.

#4 Bi Mkubwa wa Usambara

Wanangu, mie nakumbuka mama yangu akisimulia sinema ya gari. Gari linakuja jioni, linatundika shuka jeupe, mwenye kipaza sauti anaeleza kwa Kiswahili. Alikuwa anasema waliona mtoto wa Kizungu anaogeshwa kwenye beseni, na nyumba ina maua dirishani. Akasema wote tuliamini Ulaya hakuna uchafu.

#5 Mleta uzi

Shikamoo Bi Mkubwa. Umenigusa pahala nilipokuwa napatafuta.

Kwenu huko Usambara, Vugiri, kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na majaribio ya kutengeneza filamu za kuelimisha Waafrika. Baadaye, 1939, serikali ya Uingereza ikaanzisha kitengo cha filamu cha makoloni, na magari ya sinema yakasambaa vijijini. Kati ya filamu zao kuna moja ya 1940, Mr English at Home. Haina sauti, kusudi mfasiri aeleze kwa lugha ya mahali. Inaonyesha siku moja ya familia ya Kiingereza tangu asubuhi hadi kulala: chai mezani, watoto safi, kila mtu na wajibu wake. Siwezi kusema ndiyo aliyoiona mama yako, lakini hiyo ndiyo picha iliyokusudiwa.

Sasa iweke kando ya Housing Problems, iliyotengenezwa London 1935, mwaka uleule walipokuwa wakianza kazi Vugiri. Edgar Anstey na Arthur Elton walibeba kamera na mashine nzito ya kunasia sauti mpaka ndani ya vyumba vya masikini wa Stepney, mashariki mwa London, wakawaacha wenyewe waseme. Mama mmoja amesimama chumbani kwake, amevaa kofia nzuri kwa ajili ya wageni, anasimulia alivyopambana na panya. Baba mwingine anaeleza wadudu walivyojaa ukutani na namna alivyopoteza watoto. Hawana aibu, wanaongea kama mtu anayetoa taarifa kwa balozi wa nyumba kumi. Fedha za filamu zilitoka kwenye sekta ya gesi, iliyotaka kuuza majiko katika nyumba mpya, hilo lijulikane. Hata hivyo, hadi leo sijaona kipande cha zamani kinachonisimamisha kama yule mama na kofia yake.

Stepney hawakutuletea kwenye shuka jeupe. Walituletea Bwana English na maua yake. Hii ndiyo sababu nasema zitazamwe kwa kulinganishwa, ile waliyotuonyesha sisi na ile waliyojionyesha wao kwa wao.

#6 Msomaji wa Mwembechai

Nimenyoosha mikono. Endelea, lete vita vya pili.

#7 Mleta uzi

Vita vya pili nitapita upesi, maana vimetazamwa na kila mtu. Mwenye nafasi aitafute Listen to Britain ya 1942, ya Humphrey Jennings na Stewart McAllister. Ni dakika 20 hivi, na wenyewe hawakuweka msimulizi ndani yake. Unasikia ndege, mashine, watoto wakicheza uani, wafanyakazi wanaimba kantini saa ya chakula, kisha Myra Hess anapiga piano mchana kwenye jumba la sanaa la London ambalo picha zake zimehamishwa kwa kuogopa mabomu.

Ninapotaka kukaa ni baada ya vita. Mshindi wa vita alikuwa na njaa. Mkate, ambao haukugawiwa kwa kuponi wakati wote wa vita, uliingizwa kwenye mgao Julai 1946, amani ikiwa imetimiza mwaka. Nyama ilitoka kwenye mgao Julai 1954. Fikiria, miaka tisa baada ya Hitler.

Filamu yake ni Passport to Pimlico ya 1949, kutoka studio za Ealing. Inafungua kwa shada la maua la mazishi, na ndani ya shada kuna kitabu cha mgao. Bomu lililobaki ardhini linalipuka mtaa wa Pimlico, London, linafukua hati ya kale inayosema eneo lile ni mali ya Burgundy, utawala wa kale huko Ufaransa. Yaani si Uingereza, na kama si Uingereza, mgao hauwahusu. Usiku ule baa haifungi, na watu wanachana vitabu vyao vya mgao. Serikali inawazungushia seng'enge, na Walondoni wenzao wanawarushia vyakula juu ya uzio. Mwishoni wanarudi Uingereza kwa hiari yao, na wanapokea vitabu vipya vya mgao kwa shangwe. Ukitazama watu wa makamo kwenye meza ile ya mwisho utaelewa hamu yao ilikuwa nini: kushiba, na kushiba wote pamoja.

#8 Mjukuu wa Kongwa

Mkuu hapo umefika kwetu bila kujua. Miaka hiyohiyo ya mgao ndiyo matrekta yalishushwa Kongwa kulima karanga. Babu yangu alikuwa kibarua. Alisema wazungu wana haraka ya mafuta, udongo hauna haraka.

#9 Mleta uzi

Naam, ndugu yangu, ni kamba moja. Mpango wa karanga ulianza 1947, Kongwa, Nachingwea na Urambo, chini ya Wizara ya Chakula ya Uingereza, kwa sababu akina mama wa London walikuwa hawana mafuta ya kupikia. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa saruji, mvua haikuja kwa ratiba yao, na 1951 wakauacha, na pauni zaidi ya milioni 36 zikafutwa vitabuni. Nilipojua hilo niliirudia Passport to Pimlico, na zile kuponi zinazochanwa baa nikaziona kwa jicho jingine. Upande wa pili wa ile karatasi alikuwepo babu yako na jembe.

#10 Mama Wawili

Samahani mleta uzi, mimi Brief Encounter ya 1945 niliishindwa. Mke wa mtu na mume wa mtu wanapendana, wanakutana stesheni, wanakunywa chai, wanaachana, basi. Nilingoja walau mmoja apandishe sauti.

#11 Mleta uzi

Dada yangu, naomba uirudie ukiwa na neno moja la kwetu: stara.

David Lean aliipiga kwenye stesheni ya Carnforth, Lancashire, Februari 1945, mbali na ndege za Wajerumani, kwa kuwa taa kali za usiku zisingewezekana jirani na London. Laura na Alec wamebakiwa na dakika chache za mwisho maishani mwao. Wamekaa mezani. Anaingia mama mmoja mwenye kujuana na Laura, anakaa nao, anaanza kusema, hanyamazi. Treni ya Alec inatangazwa. Mbele ya yule mama hawezi kusema lolote. Anasimama, anapita nyuma ya Laura, anaweka mkono begani kwake, anaubonyeza kidogo, anatoka. Basi. Mwanamke amebaki na uzito wa mkono ule, na mama yule bado anaongea.

Hata walioachana kwa kupigiana kelele hawajaachana kama wale. Na ukiitazama tena, sikiliza sauti ya mwanamke anayeuza chai kwenye mgahawa ule: anajikaza kusema kama bibi wa tabaka la juu, na akikasirika ulimi unarudi kwao. Uingereza ile ulimi ulikuwa kitambulisho. Ukifungua mdomo, wameshajua baba yako anafanya kazi gani.

#12 Mwalimu Mstaafu

Nimefuatilia kimya. Naomba usiache Kes. Niliionyesha kwa walimu wenzangu zamani, wawili walilia.

#13 Mleta uzi

Shikamoo Mwalimu. Kes nilikuwa nimeiwekea nafasi yake.

Kwa wasioijua: Ken Loach, 1969, Barnsley, mji wa makaa ya mawe. Billy Casper, miaka 15, baba hayupo, kaka yake Jud yuko mgodini na ana mkono mwepesi wa kupiga. Kwa mfumo wa shule uliojengwa baada ya sheria ya 1944, mtoto alifanya mtihani akiwa na miaka 11. Akifaulu anakwenda shule ya kisomo, asipofaulu anapelekwa ile nyingine, na wengi wa huko njia yao ilijulikana. Sisi tuliopita mtihani wa darasa la saba tunajua hesabu hiyo.

Billy anamchukua kinda la kozi kutoka kwenye ukuta wa magofu, anamfuga na kumfundisha kwa kitabu alichokiiba dukani. Kuna mwalimu wa michezo anayejifanya nahodha na refa kwa pamoja dhidi ya watoto, kuna mwalimu mkuu wa fimbo. Lakini mwalimu mmoja anamwambia Billy awaeleze wenzake habari za ndege wake. Anaanza kwa kusitasita. Anaeleza ukanda wa ngozi unaofungwa miguuni, mwalimu anauliza unaandikwaje, anapewa chaki. Mtoto anayeitwa mjinga anaandika ubaoni neno ambalo mwalimu halijui. Darasa zima limetulia. Mara ya kwanza kwenye filamu, Billy amesimama wima.

Mwisho wake ninyi wenyewe mtautazama. Ila msikose afisa wa ajira anayemuuliza maswali Billy bila kumtazama usoni. Fomu ina majibu yake tayari.

Loach huyuhuyu ndiye wa Cathy Come Home, iliyorushwa na BBC Novemba 1966 na kutazamwa na watu kama milioni 12: familia inaporomoka kutoka nyumba hadi karavani hadi hosteli, na mwishoni watoto wanapokonywa mikononi mwa mama stesheni, abiria wakipita. Wengi husema filamu hiyo ndiyo iliyozaa Shelter, shirika la kutetea wasio na makazi. Si hivyo, Shelter ilikuwa inaandaliwa tayari na ikazinduliwa wiki chache baadaye. Sheria ya kuwalinda wasio na makazi ilikuja 1977. Miaka kumi na moja, Cathy akiwa ameshaliliwa na nchi nzima.

#14 Mtoto wa Ngara Nairobi

Na weusi na Wahindi je? Uingereza ya karne ya 20 si ya weupe pekee.

#15 Mleta uzi

Kabisa. Juni 1948 meli Empire Windrush ilitia nanga Tilbury na mamia ya watu wa Karibea, na kamera ya Pathé, kampuni ya filamu za habari, ilimkuta Lord Kitchener, mwimbaji wa kalipso kutoka Trinidad, akiisifu London kabla hajaikanyaga barabara. Weka picha hiyo karibu na Pressure ya Horace Ové, 1976, filamu ndefu ya kwanza ya Mwingereza mweusi. Tony amezaliwa London, ana vyeti, anaongea kama wao. Usaili baada ya usaili, mlango uleule. Miaka 28 kati ya wimbo na mlango.

Na wewe wa Nairobi, una wako. Gurinder Chadha alizaliwa Nairobi 1960. Katika Bend It Like Beckham, ya 2002, kila mtu anakumbuka binti na mpira. Mimi namkumbuka baba. Alikuwa mrushaji hodari wa kriketi Nairobi, akafika Uingereza na kilemba chake, klabu zikamcheka, akaapa hatagusa mpira tena. Kimya chake nyumbani kimebeba 1968, pale bunge lilipopitisha kwa siku chache sheria ya kuwazuia Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Kiingereza, na 1972, pale jiji la Leicester lilipotia tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaambia waliofukuzwa na Amin wasije. Walikuja, na Leicester leo haielezeki bila wao.

#16 Mjukuu wa Kongwa

Mkuu, wachimba makaa?

#17 Mleta uzi

Mapema karne hiyo walipita milioni moja. Machi 1984 wakagoma kupinga kufungwa kwa migodi, wakarudi kazini Machi 1985 mikono mitupu, na Oktoba 1992 serikali ikatangaza kufunga migodi 31 kwa mpigo. Tazama Brassed Off ya 1996. Bendi ya tarumbeta ya wachimbaji inashinda mashindano Royal Albert Hall wakati mgodi wao umeshafungwa, na bendi ya mgodi wa Grimethorpe ilishinda kweli mashindano hayo 1992, siku chache baada ya tangazo la kufunga mgodi wao. Kiongozi wa bendi mapafu yameliwa na vumbi. Anakataa kombe mbele ya ukumbi mzima, kwa sababu kombe bila kijiji la nini.

#18 Niko Mbali

Wakuu, nimesoma uzi wote usiku huu. Nasoma chuo hapa Nottingham. Nimemuuliza mzee anayelinda geti, akaniambia majengo haya tunayosomea yamesimama kwenye eneo la Raleigh. Baba yake alikuwa kwenye idara ya kupaka rangi.

#19 Mleta uzi

Ndugu yangu, ni kweli, sehemu ya eneo la kiwanda ni ya chuo kikuu sasa, na baiskeli ya mwisho ya Nottingham ilitoka 2002. Ya babu bado iko kwa shangazi, haina cheni, spoki zimebaki chache, kibati kipo. Kesho nitakwenda kukisafisha nikipige picha nikutumie. Naomba umwonyeshe yule mzee, umuulize rangi ile nyeusi baba yake alikuwa anaipakaje.